Zamu ya Kusema: Wanafunzi wa Kiingereza katika Darasa Mseto

Hotuba kwa walimu wa lugha wa vyuo na shule za sekondari

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa idara, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokubali kuacha shughuli zenu ili kuwa nasi asubuhi hii, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie yale wanayoyapitia wanafunzi wetu wanaojifunza Kiingereza kwa utaratibu wa mseto, yaani baadhi ya vipindi vikifanyika darasani na vingine kwa mtandao, au, kama inavyozidi kuzoeleka vyuoni, baadhi yao wakiwa wameketi mbele ya mwalimu huku wenzao wakimfuatilia kwa simu katika kipindi kilekile. Nitazungumza zaidi kuhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaosoma kozi ya stadi za mawasiliano, kwa sababu hao ndio ninaowafundisha, na pia kwa sababu ndio wanaovuka daraja gumu kuliko wote: wametoka sekondari wakiwa na cheti kinachosema wanajua Kiingereza, na wanaingia katika ukumbi wa mihadhara ambako kila kitu kinawataka wakitumie.

Naomba niitangulize hoja yangu ili tusiitafute njiani. Katika somo la lugha, utaratibu wowote wa kufundishia upimwe kwa zamu ya kusema anayoipata mwanafunzi. Utaratibu unaomwongezea zamu hiyo unafaa hata kama vifaa vyake ni duni, na unaompunguzia haufai hata kama umenunuliwa kwa fedha nyingi. Kwa kipimo hicho, darasa la watu walioketi mbele ya mwalimu pamoja na watu walio kwenye simu kwa wakati mmoja limewaangusha wanafunzi wetu wa Kiingereza, ilhali zipo namna nyingine za mseto zilizowasaidia kuliko tulivyotarajia.

Kwa nini zamu hiyo ni muhimu hapa petu kuliko penginepo? Mgeni anayesoma Kiingereza mjini London au Chicago akitoka darasani hukikuta kituo cha basi, dukani, hospitalini na kwa mwenye nyumba, na asipokisema siku hiyo hapati mkate. Mwanafunzi wetu akitoka darasani anarudi kwenye Kiswahili, na hiyo ni neema ambayo mataifa mengi hayana. Tangu mwaka 1967 elimu ya msingi katika shule za serikali za Tanzania imetolewa kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza lugha ya kufundishia inageuka ghafla kuwa Kiingereza. Kijana anaifanya lugha hiyo kuwa ya daftari kwa miaka minne au sita, akinakili ubaoni, akikariri na kujibu maswali kwa maandishi. Hosteli ni Kiswahili, kantini ni Kiswahili, daladala ni Kiswahili, ibada ni Kiswahili. Darasa la Kiingereza linabaki kuwa karibu mahali pekee anapoweza kufungua kinywa, akakosea, akarekebishwa na mtu aliye mbele yake. Dakika chache anazozipata humo hazina mbadala nje.

Kufundisha Kiingereza kwa mbali hakukuanza na janga la korona. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchini Kenya kuliendeshwa mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya shule za msingi, na ufundi wake ulistahili kuigwa: mtangazaji aliuliza, kisha akanyamaza kwa makusudi ili watoto walio darasani wajibu kwa sauti, wote kwa pamoja au mmoja mmoja wakiongozwa na mwalimu wao, ndipo redio ikaendelea. Redio haisikii, lakini watunzi wa vipindi vile waliipanga kana kwamba inasikia, na mtoto akapata nafasi ya kusema. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kimefundisha watu wazima walio kazini na walio mbali kwa muda mrefu kabla ya neno mseto halijawa mazoea ya vikao vyetu.

Mwaka 2020 ulileta haraka. Shule zetu zilifungwa Machi 17 na vyuo vikafuata siku iliyofuata. Vyuo vilifunguliwa Juni 1, mapema kuliko kwa majirani wengi. Kenya ilianza kurudisha baadhi ya madarasa Oktoba mwaka huohuo na mengine Januari 2021, na Uganda haikufungua shule zake kikamilifu hadi Januari 2022. Kwa kuwa tulirudi mapema, mseto wetu haukuzaliwa na karantini. Ulikuja baadaye, kwa kuwa idadi ya wanafunzi imezidi viti, kwa kuwa walimu walioajiriwa wanasoma jioni, na kwa kuwa vifaa vya TEHAMA vimeanza kufika, vikiwemo vya HEET, mradi wa kuendeleza elimu ya juu, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Nalisema hili ili tusijifiche nyuma ya dharura. Mseto tulio nao leo ni uamuzi wetu, na kwa hiyo tunaweza kuupanga upya.

Sasa niingie katika yale wanayoyasema wanafunzi wenyewe.

Malalamiko ya kwanza huwa ni mtandao, lakini ukiwauliza kwa utulivu utakuta wengi wanazungumzia sikio. Simu ya kawaida hupitisha sauti iliyo kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Inatosha kabisa kumtambua mama yako na kuelewa anachokuagiza. Lakini sehemu kubwa ya nguvu ya sauti ya s iko juu ya kiwango hicho, na tofauti kati ya s na f hupotea kwa urahisi kwenye laini ya simu. Programu za mikutano hupitisha sauti pana zaidi mtandao ukiwa mzuri. Mtandao ukidhoofika nazo huibana sauti, kisha sauti hiyo iliyobanwa inatokea kwenye spika ndogo ya simu katika chumba chenye feni na watu wanne. Mzungumzaji wa Kiswahili ana shida ya ziada, kwa sababu maneno ya lugha yetu karibu yote huishia kwa irabu na sikio letu halijazoea kusubiri konsonanti mwishoni. Kiingereza kimeweka sarufi yake nyingi hapohapo mwishoni: wingi, umilikaji, kitenzi cha nafsi ya tatu umoja, wakati uliopita. Zote zinaning'inia kwenye s, t au d dhaifu inayotamkwa mwisho wa neno, na hiyo ndiyo inayomezwa na simu.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako, toa imla. Wasomee wanafunzi sentensi kumi; walio chumbani waandike, na walio kwenye simu waandike pia. Kisha weka karatasi mbili mezani. Ya kwanza ina makosa ya tahajia ya hapa na pale. Ya pili ina maneno yote makuu yaliyo sahihi, lakini vitenzi vyote vimekatwa mkia, wingi umekuwa umoja, jana imekuwa leo. Mwalimu anayesahihisha bila kujua nani alikuwa wapi atamwandikia huyu wa pili kwamba hajui sarufi na kumwagiza arudie sura ya tatu ya kitabu, na mwanafunzi ataamini, kwa sababu kalamu nyekundu huaminiwa. Yeye aliandika alichosikia. Ndiyo maana nasema suala la kipaza sauti na spika za masikioni ni suala la mtaala katika somo letu, na lisibaki kwenye orodha ya manunuzi likisubiri bajeti ya mwaka ujao.

Jambo la pili ni ukimya. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970, alionyesha kuwa walimu wengi wakishauliza swali husubiri sekunde moja hivi kabla ya kumrukia mwanafunzi mwingine au kujibu wenyewe, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Mweke sasa mwanafunzi anayewaza kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Anahitaji sekunde za kuelewa swali, za kupanga jibu, za kutafuta maneno, kisha mtandao unamcheleweshea swali na unachelewesha jibu lake, na kabla hajajibu inabidi agonge alama ya kufungua kipaza sauti. Akiwa tayari, mtu wa mstari wa mbele chumbani ameshajibu. Wanafunzi wa simu wananiambia neno moja ambalo limenikaa moyoni: wanasema wanahudhuria kipindi cha wenzao. Wanakisikia, wanakiona kidogo, lakini si chao.

Hofu nayo inazidi. Mtafiti wa ujifunzaji wa lugha Elaine Horwitz na wenzake waliandika mwaka 1986 kuhusu wasiwasi unaompata mtu anapotakiwa kusema lugha ya kigeni mbele ya wengine, wakiutofautisha na woga wa kawaida wa mitihani, kwa sababu hapa mtu mwenye akili timamu anaonekana mjinga kwa kukosa maneno tu. Wapo waliodhani mtandao ungepunguza wasiwasi huo, kwa kuwa mwanafunzi hatazamwi. Kwa baadhi umepunguza. Kwa wengi umehamisha watazamaji.

Naomba nieleze kwa mfano, maana hapa ndipo ripoti zetu huwa kimya. Kijana mmoja alipanga chumba katika nyumba ya uswahilini yenye wapangaji wengi, ambamo kuta za vyumba hazifiki juu na kinachosemwa chumba kimoja kinasikika ukumbini. Siku aliyoitwa kujibu alisimama, kama tulivyomfunza, akaanza kueleza kwa Kiingereza kizuri. Watoto wa uani wakaanza kumwiga. Jirani akamuuliza kwa sauti, kutoka upande wa pili wa ukuta, kama siku hizi amekuwa Mzungu. Tangu hapo majibu yake yote yalikuja kwa maandishi, mafupi, kwenye kisanduku cha ujumbe, na muhula ukaisha bila sisi kuisikia tena sauti yake. Kwenye rejista alikuwa na mahudhurio kamili. Msichana mwingine, aliyekuwa akisoma akiwa nyumbani kwao, alikuwa katikati ya wasilisho lake mjomba wake alipoingia sebuleni. Hangeweza kuacha kumwamkia. Aliamkia, mjomba akaitikia marahaba, akauliza habari za masomo, akaketi. Chumba kizima cha wenzake kilicheka, na sentensi aliyokuwa ameiandaa tangu usiku ikamtoka. Binti huyo hakukosa adabu kwa darasa wala kwa mjomba. Tulimpa kazi mbili za heshima kwa wakati mmoja, na nyumbani ile ya nyumbani hushinda. Wasichana hasa hulieleza hili: mtu aliyeshika simu nyumbani haonekani yuko shuleni, kwa hiyo anatumwa maji, anaachiwa mtoto, anaitwa jikoni.

Habari za gharama mnazijua, nami sitazirefusha. Bando la wiki hununuliwa kwa fedha ileile ya chakula, na boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa mwanafunzi, likichelewa kamera ndiyo ya kwanza kuzimwa. Toleo la bure la Zoom hukata mkutano wa kikundi baada ya dakika 40, na kila mara linki mpya inapotumwa wapo wasiorudi.

Lakini ningewadanganya kama ningewaambia wanafunzi wanautaka mseto uondoke. Wanaousifu wana sababu nzito, na sababu yao kubwa haitoki kwenye mfumo wowote wa gharama. Inatoka kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp.

Mpe mwanafunzi kazi ya kueleza kwa dakika moja jinsi ya kufanya kitu anachokijua vizuri: kusuka nywele, kuziba pancha, kupika pilau, kusafisha dagaa. Atume ujumbe wa sauti kabla ya kipindi. Wanachokifanya baada ya hapo hakuna mwalimu aliyewaagiza. Wanarekodi, wanajisikiliza, wanafuta, wanarekodi tena. Mmoja alinieleza alivyokwenda nyuma ya hosteli, penye karo za kufulia, kwa sababu usiku hapana mtu, akairudia dakika yake hiyo moja mpaka simu ikaisha chaji. Akaniambia kwamba katika kujisikiliza ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza kuwa anazikata zile s za mwisho tulizozizungumzia. Mimi nilikuwa nimemsahihisha kosa hilo kwa maneno na kwa kalamu, lakini sikio lake mwenyewe lilifanya kazi ambayo yangu haikuweza. Hakuna kipindi cha darasani ambacho kingempa mwanafunzi mmoja kati ya 200 nafasi ya kuirudia sentensi moja mara nyingi namna hiyo bila kuchekwa. Zaidi ya hapo, kazi hii haihitaji mtandao wa moja kwa moja. Anarekodi akiwa popote na ujumbe unaondoka mtandao ukirudi, kwa data kidogo mno ukilinganisha na kipindi cha video. Wanyamavu wa darasani, wale ambao majina yao tunayajua kwenye karatasi tu, ndio waliozungumza zaidi.

Kwa hiyo mwanafunzi yuleyule anakuwa bubu kwenye mkutano wa video na msemaji kwenye ujumbe wa sauti. Tofauti ni muda wa kujiandaa na mahali pa kusemea. Huo ndio ushahidi wangu kwamba umbali pekee haumnyimi mtu lugha; mpangilio wetu ndio unaomnyima.

Hata hivyo, ujumbe wa sauti nao una mwisho wake. Mtafiti wa ujifunzaji wa lugha Michael Long, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, alisisitiza kwamba mtu hujifunza lugha hasa pale maelewano yanapokwama na wazungumzaji wakalazimika kuyatengeneza: unasemaje, rudia, una maana hii au ile? Ujumbe wa sauti haukatizwi. Anayeusikiliza akikwama hawezi kuinua mkono, na anayeusema haoni uso uliokunjamana. Kijana anayeweza kutoa dakika moja safi kuhusu pilau anaweza kuparaganyika kabisa ukimwuliza swali moja ambalo hakulitarajia. Stadi hiyo ya kukwama na kujikwamua inapatikana watu wakiwa pamoja, uso kwa uso, wakiwa wachache kiasi cha kila mmoja kufikiwa.

Kutokana na hayo naomba tuamue mambo machache katika mkutano huu.

Tuache, kwa somo la lugha, kufundisha chumba na simu kwa wakati mmoja. Najua utaratibu huo unapendwa na ratiba, kwa kuwa kipindi kimoja kinahesabiwa mara mbili. Mwalimu anayeutumia anajua anavyogeuka huku na huku, akiwapa mgongo hawa anapowahudumia wale, akiandika ubaoni maneno ambayo kamera haiyafikii, na akiwagawa wa chumbani katika vikundi vya mazungumzo huku wa mtandaoni wakisikia mvumo wa sauti zisizoeleweka kwa robo saa nzima. Badala yake tuwapishanishe. Darasa la wanafunzi 200 likigawanywa mara nne, kila sehemu ikaingia chumbani kwa wiki yake huku nyingine zikifanya kazi za kurekodi, kusoma na kusikiliza kwa kurudia, mwalimu hafundishi saa nyingi zaidi, na kila mwanafunzi anapata chumba cha watu 50. Hamsini bado ni wengi. Wakikaa wawili wawili wanasema wote, na mwalimu anaweza kupita kati yao akawasikia.

Kisha kipindi cha chumbani kisitumike tena kwa mhadhara. Maelezo ya sarufi yarekodiwe, yawe mafupi, yawekwe katika faili la sauti lisilo na uzito, pamoja na maandishi yake, ili anayemezewa s na simu yake aione kwenye karatasi. Kile alichokirekodi mwanafunzi akiwa peke yake kiwe ndicho anachokuja kuulizwa na mwenzake ana kwa ana. Aliyetuma dakika ya kuziba pancha aulizwe angefanyaje kama gundi imekwisha.

Wale ambao hawana mahali pa kusemea, tuwape. Vyuo vyetu vina madarasa yanayolala wazi jioni. Vyumba viwili vya aina hiyo, vikiwa na umeme na mlinzi anayejua kwamba kelele za humo zimeruhusiwa, vingemsaidia yule kijana wa nyumba ya kupanga kuliko vishikwambi vipya.

La mwisho ni mtihani. Wanafunzi ni watu wenye busara. Hufanya kile kinacholipwa. Tathmini yetu ya Kiingereza ikiendelea kuwa maandishi matupu, atakayenyamaza muhula mzima na kufaulu hatakuwa amekosea hesabu. Ninapendekeza kwamba katika alama za tathmini endelevu, sehemu itokane na mazungumzo ya ana kwa ana ya watu wawili yanayosikilizwa na mwalimu, na sehemu nyingine itokane na kazi za kurekodi. Aidha, rejista ya kila kipindi iwe na safu mbili: ya kwanza ionyeshe nani alikuwepo, ya pili ionyeshe nani alisema. Idara yoyote inaweza kuanza nayo muhula huu bila kuomba kibali wala fedha, na nimeleta mfano wa karatasi hiyo kwa yeyote atakayeihitaji. Wanafunzi waliokuja nasi wameomba waipitie pamoja na walimu wao katika vikundi vya mchana, na ningependa wao ndio waanze kuzungumza.

Asanteni kwa kunisikiliza.